Ile Filamu ya Beseni

Ukinikuta pale ninapofua mashuka ya nyumba ya wageni ukaniomba nikutajie filamu ya kuangalia, nitakutajia moja tu, na pengine utanichukia. Jina lake la kigeni silijui kulitamka. Sisi tunaiita ile ya beseni. Haina bunduki, haina ngumi, haina hata wimbo. Ni mume na mke ndani ya vyumba viwili. Mke anaugua, mume anamuuguza, mke anakufa filamu ikiwa bado katikati, na nusu iliyobaki ni mume anavyoishi bila yeye. Basi. Lakini kama una mgonjwa ndani, au uliwahi kuwa naye, au kuna mtu wako alikufa wakakuficha, itafute. Usiiangalie ukiwa na haraka, wala usimwalike mtu anayecheka hovyo.

Aliyeileta mtaani kwetu ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Wote wanamwita Redio, na habari hii ni yake zaidi kuliko yangu.

Redio ana banda la video nyuma ya duka la kinyozi. Ndani kuna mabenchi, pazia jeusi la kuzuia jua, televisheni kubwa juu ya meza ya chuma na spika mbili zinazokoroma. Kando ya televisheni kuna kiti chake na kipaza sauti alichokivalisha soksi ili pumzi isisikike. Filamu zake karibu zote ni za kigeni. Wateja wake ni wachukuzi, mafundi baiskeli, wauza nguo kuukuu, na watu kama mimi ambao maandishi ya chini ya picha yanatupita kabla hatujamaliza neno la kwanza. Kwa hiyo Redio anapunguza sauti ya filamu na kuweka ya kwake. Lugha aliiokota ujanani akibeba mizigo ya wageni hotelini. Anasema kwa sauti ya mzee, ya mtoto, ya mwanamke, na katikati anachomeka maneno yake mwenyewe.

Jambazi likiingia dirishani atasema, "Mwoneni, kama mwenye nyumba wangu, hajui hodi." Watu wakianza kukumbatiana kitandani atakohoa: "Wenye wakwe humu ndani, tazameni viatu vyenu." Banda zima linacheka. Kusema kweli watu hawakwenda kuona filamu, walikwenda kumsikia yeye. Nami nilikuwa nacheka. Nilicheka hata miaka ile ambayo sikuwa na cha kunichekesha.

Alikuwa na mwiko mmoja: ndani ya banda lake mtu mwema hafi. Picha inaweza kuonyesha mtu ametobolewa kifua, wanamfunika shuka, mama yake anagaagaa chini, Redio atasema, "Msihofu jamani, kazimia tu huyu, wameshakwenda kumwita daktari." Filamu ikiisha bila huyo mtu kuonekana tena, atasema bado yuko hospitali, anapata nafuu. Nilimwuliza siku moja kwa nini anawadanganya watu.

"Shemeji," akasema, "mtu katoka kubeba magunia tangu asubuhi. Mimi nimpe na maiti aende nayo nyumbani?"

Nikacheka tena. Sikujua neno hilo litaingia ndani kwake.

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani. Alishonea sebuleni, cherehani ikitazama barabara, na hakuna aliyepita bila kupimwa kwa macho. "Lile gauni limemshinda," angeniambia, "au yeye kalishinda gauni, bado sijajua." Alikuwa mnene, mwenye mikono laini na ulimi mkali, na Redio, kwa maneno yake yote ya bandani, akiwa nyumbani alinyamaza akamsikiliza yeye. Ugonjwa ulimwanzia tumboni. Alianza kukonda, akawa anajipunguzia nguo zake mwenyewe kwenye cherehani ile ile, akisema amepata mteja msumbufu, kila wiki kiuno kimebadilika. Baadaye akaacha kuzipunguza. Zikamning'inia.

Tulipompeleka hospitali kubwa, daktari alituita kando, mimi na Redio, kwenye korido iliyokuwa inapigwa deki. Alikuwa msichana mdogo tu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alisema taratibu kwamba ugonjwa umeshasambaa. Hakuna cha kukata wala cha kuongeza. Tumrudishe nyumbani, tumtulize maumivu, na kama kuna mtu wa kuitwa, aitwe.

Redio alimsikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru. Akajipangusa uso kwa kiganja, juu mpaka kidevuni, na tulipoingia wodini sauti yake ikawa ile ya bandani.

"Mama! Daktari kafurahi, nusura acheze! Anasema dawa imeshika, kilichobaki ni kula tu. Kesho tunakwenda nyumbani!"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walipiga makofi. Mdogo wangu akatabasamu. Mimi nilisimama na furushi la nguo chafu kifuani.

Getini nilimshika mkono. "Shemeji, umefanya nini pale?"

"Nimempa siku za amani."

"Umemnyima."

Akautoa mkono wangu polepole. "Nakuheshimu kama dada yangu wa tumbo moja. Lakini ukifungua mdomo mbele ya mke wangu, mlango wangu usiujue tena."

Mlango. Alijua anagusa wapi.

Mimi nilikuwa na mume, dereva wa lori. Alipougua, kaka zake walikuja wakamchukua kwao, wakasema huko kuna matibabu mazuri na mimi nisiache kazi. Kila jioni nilipiga simu. Anaendelea vizuri, shemeji. Leo amekula. Leo ametembea mpaka uani. Amelala, tusimwamshe. Nami nilikuwa napiga pasi mashati yake na kuyatundika ukutani, ili akirudi akute mambo yake yako sawa. Shati la mwisho nililipiga pasi yeye akiwa ameshazikwa. Kaka yake mkubwa ndiye aliyekuja kuniambia, amevaa vizuri, uso ameukunja inavyotakiwa. "Tulikuonea huruma, shemeji." Haukupita muda nikarudi kutoka kazini nikakuta kufuli jipya mlangoni na masufuria yangu barazani. Ndipo nikaijua huruma yao ilikuwa na ukubwa gani: ukubwa wa nyumba nzima, na uwanja wake.

Nyumba wakae nayo. Ni matofali. Kinachoniamsha mpaka leo ni kwamba sijui kama aliniulizia. Sijui kama walimwambia nimekataa kuja. Pengine alikufa akiamini nimemtupa, na wao walikaa pembeni ya kitanda wakamwacha aamini hivyo.

Redio na mdogo wangu walikuwa na mtoto mmoja, binti, yuko chuo cha ualimu mbali sana, basi likitoka leo linafika kesho. Jioni moja nakunja nguo za mgonjwa, namsikia Redio barazani anaongea naye kwa simu.

"Mama yako hajambo kabisa. Leo amekula. Ametembea mpaka uani. Amelala saa hizi, tusimwamshe, wewe soma."

Nguo zilinidondoka. Maneno yale yale, kama vile wanaume wote waliyasomea darasa moja. Mdogo wangu wakati huo alikuwa hawezi kukaa bila kushikwa mgongo.

Tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu: yule mtoto aje, amkute mama yake hai na akili zake timamu, wasemezane. Nilimbembeleza Redio, nikamgombeza, nikamnunia. "Ana mitihani," akasema. "Mama yake akishapona ataona tulimsumbua bure." Akishapona! Uongo alioutunga mwenyewe ulikuwa umeshampata na yeye. Ningeweza kumpigia mtoto mwenyewe, ndiyo. Lakini angemuuliza baba yake, na baba yake ana sauti tamu kuliko yangu. Mimi watu wameshanizoea kuwa ni mwanamke wa uchungu. Nikisema mvua inanyesha, wanatoka nje kuhakikisha.

Sasa hiyo filamu. Redio huangalia filamu zake kwanza peke yake, ajue pa kuchekesha. Siku hizo, kwa uuguzi, hakuwa na nafasi. Muuza diski alimletea rundo, na kwenye jalada mojawapo palikuwa na picha ya mwanamume kashika nyundo, uso umemkunjamana. Redio akajua ni ya mapigano. Akaandika ubaoni nje: Nyundo ya Kisasi. Jumapili mchana banda likajaa mpaka watu wakakalia matairi.

Nilikuwa nimempelekea chakula, mgonjwa nimemwachia jirani, nikajipumzisha benchi la nyuma. Picha ikaanza. Yule mwanamume akapiga magoti, akagonga kigae sakafuni kwa nyundo ya mpira, taratibu, akakitazama, akagonga tena.

"Hiyo nyundo anampiga nani?" mchukuzi mmoja akauliza.

"Subira," Redio akajibu. "Bado anaipasha moto."

Wakacheka. Lakini vikafuata vigae vingine, na vingine. Kisha jikoni, mke kashika kiuno. Kisha hospitali. Kisha likaja beseni.

Nakuelezea sehemu hii kwa sababu ndiyo sababu ya kuitafuta. Mume anamwogesha mkewe. Beseni la plastiki, la buluu, lina ufa ulioyeyushiwa mfuko kuuziba. Anamwinua, anateleza, maji yanamwagika, mke anamfokea kwamba ni ya moto. Mume anatupa kitambaa chini, anafoka naye, anatoka kwenda kuchota ya baridi. Na picha haimfuati. Inabaki na mwanamke, mgongo wazi, pingili zake zote zimetokeza, anatetemeka, anasubiri. Redio alikosa la kusema, na kwa mara ya kwanza ndani ya banda lile tukaisikia filamu yenyewe: bomba linadondoka, mtu anapumua. Hakuna muziki wa kukuambia sasa lia. Nimeogesha wagonjwa. Mgongo ule naujua, na kusubiri kule nakujua.

"Huyu mama anajiandaa kwenda harusini," Redio akasema mwishoni. Wachache wakacheka, kwa adabu tu.

Mke alikufa mume akiwa nje anagombana na fundi bomba. Hakuna aliyemshika mkono, hakuna neno la mwisho. Mume anarudi ndani bado anamtukana fundi, anaendelea kumlalamikia mkewe, kisha ananyamaza. Mdomo wa mwanamke umebaki wazi na inzi anatembea juu ya shuka.

"Kazimia," Redio akasema. Sauti ilimkwama kwenye soksi. "Kazimia tu jamani, ni joto."

"Kazimia nini wewe!" mtu akapiga kelele mbele. "Tuwekee ngumi!"

Nusu walishatoka. Redio akaichomoa kabla haijaisha, akaweka nyingine.

Nilimfuata nje. "Yule mama amekufa, shemeji."

"Kazimia."

"Maiti naijua mimi."

"Basi kafa! Unataka nifanye nini, nimfufue?" Akaitupa ile diski kwenye pipa la taka. Niliiokota, nikaifuta kwa pindo la gauni langu, nikaenda nayo.

Siku ya pili yake nilipotoka kazini nilikwenda kwao nayo. Redio alikuwa amehamishia televisheni ndogo chumbani, juu ya meza ya cherehani, akimwonyesha mkewe vichekesho kila mchana na kumtafsiria kando ya kitanda. Nilimwita mlangoni, nikamwambia kwa sauti ya chini amwekee ile.

"Una wazimu."

"Mwekee. Wewe huwezi kusema, mimi umenifunga mdomo. Iache iseme yenyewe."

"Shemeji, nilikuambia kuhusu mlango wangu."

"Filamu gani hiyo?" Sauti ya mdogo wangu ilitoka ndani, nyembamba, lakini bado ya mwenye nyumba. "Mnanong'onezana kama wezi wa kuku. Dada, filamu gani?"

"Mbaya," Redio akasema. "Inachosha. Haina hata gari moja."

"Vizuri. Hivi vichekesho vyako vimenichosha zaidi ya ugonjwa. Kila siku mtu anakanyaga ganda la ndizi. Iweke."

Huyo hakuwahi kukataliwa kitu ndani ya nyumba ile. Redio akaiweka. Nilijua anachowaza, maana namjua: atazipinda zile kona kama alivyozipinda miaka yote, atamfikisha mwisho salama. Nikakaa chini, mgongo ukutani. Akaketi ukingoni mwa kitanda, bila kipaza sauti, akaanza. Yule fundi vigae akampa jina la mwanasiasa fulani wa mtaani kwetu, na mdogo wangu akacheka kidogo huku ameshika tumbo.

Kuna mahali, baada ya hospitali, mume na mke wamekaa kituoni wanangoja basi. Mke ana mfuko wa dawa mapajani. Anamgeukia mumewe anamwuliza neno moja. Mume anachelewa, kisha anajibu neno moja.

"Anamwuliza leo tutakula nini," Redio akasema.

Mdogo wangu aliitazama picha. Kisha akasema, "Rudisha nyuma."

Akarudisha. Mke akageuka, akauliza, mume akajibu.

"Anamwuliza—"

"Mimi nimekupikia tangu sijawa na mvi," mdogo wangu akasema. "Sura ya mtu anayeuliza chakula naijua. Hiyo siyo. Rudisha."

Akarudisha. Mara hii hakusema lolote, picha ikapita kimya, basi likafika, wakapanda.

"Rudisha, Redio."

"Mama, tuache hii, nikuwekee—"

"Rudisha."

Mke akageuka. Redio akatazama sakafu. Sauti aliyotoa sikuwa nimeisikia miaka mingi, ndogo, isiyo na chumvi wala pilipili, sauti ya yule kijana wa mizigo aliyekuja kwetu kuomba kumwoa mdogo wangu akasahau alichotumwa kusema.

"Anamwuliza, 'Nakufa?'"

"Na mume?"

"Anamjibu, 'Ndiyo.'"

"Haya," mdogo wangu akasema. "Endelea. Na usiruke kitu."

Hakuruka. Alitafsiri kila neno kama lilivyo. Pale penye beseni alitafsiri matusi ya mume na matusi ya mke, na mdogo wangu akasema, "Angalau hao wanagombana." Mke alipokufa, Redio akasema, "Amekufa," na mdogo wangu akasema, "Nimeona." Tukaangalia na nusu ya pili, ambayo bandani hatukuifikia. Mume anakula amesimama, ndani ya sufuria. Anamgombeza jirani kwa kuanika nguo kwenye kamba ya marehemu. Dawa zilizobaki anazitoa kabatini, anazirudisha, anazitoa. Anarudi kazini, anapanga vigae ukumbi mzima, na bosi anakuja kumwonyesha kwamba vyote vimekwenda upande. Hakuna anayemwambia maneno mazuri. Hapati mke mwingine. Haoti ndoto. Siku inakuja na yeye anaamka, ndiyo mwisho.

Televisheni ikawa nyeusi. Nje mtu alikuwa anagonga debe.

"Na mimi?" mdogo wangu akauliza.

Redio akanitazama.

"Usimtazame dada. Nimekuuliza wewe."

Alifungua mdomo. Nilimwona mtu aliyesema kwa sauti za watu mia hana hata moja. Mwishowe akatikisa kichwa, ndiyo, akaanguka na kichwa chake miguuni pa mkewe, juu ya blanketi, akalia kwa kelele, bila aibu. Mdogo wangu hakulia. Alimwekea mkono kisogoni, ule mkono uliobaki mifupa.

"Nilijua," akasema. "Mtu anaujua mwili wake mwenyewe. Nilikuwa nangoja mniambie, nikaona mnafurahi, nikaona niwaache." Kisha akaniuliza mimi, kwa ukali: "Mtoto anajua?"

"Hajui."

"Mpigieni."

"Ana mitihani, mama," Redio akasema ndani ya blanketi.

"Mitihani itakuwepo mwaka ujao."

Alipiga. Simu ilipopokelewa, sijui ni mazoea ya aina gani yale, sauti ya bandani ikamtoka yenyewe: "Hujambo mwanangu! Mama hapa hajambo—" Mdogo wangu akanyoosha mkono. "Nipe." Akaishika simu kwa mikono miwili. "Mimi ni mgonjwa sana, mwanangu. Sitapona. Njoo. Usinunue kitu njiani, njoo tu." Akasikiliza. "Usimlaumu baba yako kwenye simu. Njoo umlaumu hapa, uso kwa uso, nami nisikie."

Kisha tukangoja. Naomba usingoje hivyo maishani mwako. Ilikuwa kana kwamba ule mwili ulikuwa unasubiri kuambiwa; baada ya kuambiwa ukaanza kulegea kwa haraka. Alikuwa analala katikati ya neno. Mimi nilihesabu pumzi zake kama kichaa, nikiogopa kila kituo ambacho basi lile lingesimama watu wakachimbe dawa vichakani. Redio hakwenda bandani. Aliomba amwogeshe yeye, kazi ambayo niliachiwa mimi siku zote hizo, kwa kuwa alikuwa hawezi kuutazama mwili ule. Aliifanya vibaya. Aliloweka godoro. "Unanikosha au unavua samaki?" mkewe akamwuliza, akasinzia. Redio akacheka huku machozi yanamdondoka ndani ya maji, nami nikatoka nikawaachia chumba.

Mtoto alifika mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Baba yake alikuwa amesimama barazani tangu alfajiri. Mtoto alimpita. Kisha akarudi hatua, akasema, "Baba, ulikuwa unanitafsiria." Akaingia ndani. Redio alibaki na mikono yake imenyooka mbele, haina mtu.

"Umekonda," mdogo wangu alimwambia. "Huko chuoni mnakula chaki?"

Msichana akapanda kitandani na viatu vyake, akajikunja pembeni ya mama yake kama alivyokuwa akijikunja utotoni umeme ukikatika. Walikuwa na siku kadhaa. Si nyingi, lakini zilikuwa zao. Mlango waliuacha wazi, nami nilikaa koridoni na taulo zangu, nikasikia mengi. Nilimsikia mdogo wangu akimwomba radhi kwa kibao fulani cha zamani ambacho mtoto mwenyewe alikuwa amekisahau. Nilimsikia akimpangia nani apewe nguo gani, na nani asipewe hata kifungo. Kulikuwa na gauni la mteja lililobaki kiporo kwenye cherehani. Akamtaka mtoto alimalizie mbele yake, huku amefumba macho, akisikiliza mashine tu. "Umepinda. Nimesikia. Fumua." Msichana anafumua, analia, anashona. "Hapo sawa."

Nitasema ukweli, kwa kuwa filamu ile imenifundisha kutoona haya. Nilifurahi kwa ajili yao, na wivu ukanila vilevile. Nilimtazama yule mtoto amelala juu ya mkono wa mama yake, nikawaza: huyu hataamka miaka mingi baadaye akijiuliza kama aliuliziwa. Mimi nilistahili mchana mmoja tu wa namna ile. Mmoja tu. Niliyakunja mataulo upya, yaliyokuwa yamekunjwa tayari.

Asubuhi ya mwisho nilikuwa kazini. Nyumba ya wageni ilijaa, na msimamizi alishaninung'unikia kwa kukosekana kwangu. Nilikuwa uani na shuka kubwa lililolowa, nalihangaikia peke yangu, Redio akatokea kwenye lango la nyuma. Hakuwa amevaa viatu. Alitembea moja kwa moja mpaka kwangu, akapita kati ya kamba za nguo bila kuziinua, zikimpiga usoni.

Nilimngoja aanze. Nilijua namna watu wanavyoanza: amezidiwa kidogo, shemeji, twende mara moja.

"Amekufa," akasema. "Sasa hivi. Mtoto alikuwa amemshika huku na mimi huku. Alikutaja. Alisema, 'Dada yuko kazini, msimwambie nusu nusu.'"

Shuka lilikuwa bado mikononi mwangu, linatiririka juu ya miguu yangu. Redio aliinama akaokota upande wa pili. Tukalisokota, yeye akizungushia huku na mimi kule, kama inavyofanywa na watu wawili, mpaka likawa gumu kama kamba na maji yakaisha. Tukalitundika. Kisha nikafungua aproni yangu, nikaiacha pale pale juu ya saruji, tukaenda kwa mtoto.